Mwisho Saa Tatu

Danieli aliomba saa ngapi?

Swali hili liliulizwa Ruiru, Alhamisi jioni, sebuleni mwa mama mmoja tunayemwita Cucu kwa sababu ametuzidi sote umri. Tulikuwa watu tisa, Biblia mkononi, nyingine za Kiswahili na nyingine za Kikuyu, na tulikuwa tumefika sura ya 6 ya kitabu cha Danieli, pale mzee yule anapofungua madirisha yanayoelekea Yerusalemu na kupiga magoti mara tatu kwa siku. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kujua mara tatu hizo ni zipi. "Na Wayahudi wenyewe, Mwalimu, siku hizi wanaomba saa ngapi?"

Nilijibu kwa kukisia: asubuhi, mchana, jioni. Usiku ule jibu langu lilinikosesha amani. Kwenye barabara hii ya Thika jina la Israeli limeandikwa kila mahali, kwenye milango ya makanisa, kwenye shule za watoto, hata kwenye vioo vya matatu. Tunaimba juu ya Sayuni, tunawapa watoto wetu majina ya Yakobo na Raheli, tunajua idadi ya wana wa Lea. Lakini Wayahudi walioamka leo wakafungua kitabu chao cha sala hatujawahi kuwasikiliza. Tunawajua mababu zao na hatuwajui wao. Nikaazimia kutafuta jibu mahali wanapolitafuta wenyewe, yaani katika Mishna na Talmudi, na katika siduri, kitabu cha sala kinachoshikwa mkononi kila siku.

Mishna ni mkusanyo wa sheria uliokamilika Galilaya karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, chini ya uongozi wa Rabi Yehuda Hanasi. Nilitarajia kitabu kama hicho kianze na uumbaji, au na sifa za Mungu, au na amri kumi. Hakianzi hivyo. Mstari wake wa kwanza ni swali la wakati: Shema ya jioni husomwa kuanzia lini? Shema ni tamko la Kumbukumbu la Torati sura ya 6, lililopewa jina kwa neno lake la kwanza, yaani "sikia", na kwa tamko hilo Myahudi hukiri umoja wa Mungu jioni na asubuhi. Kwa hiyo kijana wetu wa bodaboda, bila kujua, alikuwa ameuliza swali linalofungua elimu yote ya marabi.

Jibu lao nalo halikuja kwa mkato. Jioni huanza nyota zinapotokea. Mwisho wake ni lini? Rabi Eliezer alisema ni mwisho wa zamu ya kwanza ya usiku, wenzake wakasema usiku wa manane, na Rabban Gamliel akasema mpaka alfajiri. Kisha Mishna inasimulia kisa. Wana wa Rabban Gamliel walirudi kutoka arusini usiku umekwenda sana, wakamwambia baba yao kwamba hawajasoma Shema. Angeweza kuwakemea. Badala yake aliwaambia kwamba kama alfajiri haijapambazuka, basi bado wanapaswa kuisoma. Akaongeza kwamba hata wale waliosema usiku wa manane walisema hivyo ili kumkinga mtu asije akalala akapitiwa. Wajibu wenyewe unaendelea mpaka mapambazuko. Kila mzazi wa Thika aliyewahi kufungulia mlango vijana waliotoka sherehe saa nane za usiku anaielewa sheria hii kuliko anavyodhani.

Asubuhi wakauliza vilevile: nuru ikiwa kiasi gani? Wengine walisema ni pale jicho linapoweza kutenganisha rangi ya buluu na nyeupe. Rabi Eliezer alitaka zaidi, buluu na kijani. Katika Talmudi, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna, kuna jibu jingine ninalolipenda kuliko yote: ni pale unapoweza kumtambua mtu unayemfahamu akiwa umbali wa dhiraa nne. Dhiraa nne ni kama mita mbili. Nimeipima kanuni hii stejini Ruiru, kabla magari hayajajaa, watu wakiwa bado vivuli vyenye mabegi. Kuna dakika moja ambapo kivuli kilichosimama mbele yako kinakuwa jirani yako, na unaweza kumwamkia kwa jina.

Sasa nifike kwenye saa zenyewe, maana hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana mali asiyoijua. Mishna inasema Shema ya asubuhi husomwa mpaka saa tatu, na Rabi Yehoshua anatoa sababu yake: watoto wa wafalme huamka saa tatu. Mzungu akisoma hapo husimama akashangaa, kwa sababu kwake saa tatu ya asubuhi ni usiku mzito. Inabidi aandikiwe maelezo pembeni kwamba marabi walihesabu saa kuanzia mawio ya jua, wakaugawa mchana katika sehemu kumi na mbili. Sisi hatuhitaji maelezo. Tunahesabu hivyohivyo. Saa tatu ya Rabi Yehoshua ni saa tatu ya mama anayeuza chai sokoni Thika.

Na nyingine zote zinafuata. Sala ya asubuhi, iitwayo Shaharit, kwa rai ya Rabi Yehuda inapaswa kuswaliwa kabla ya saa nne kupita, na desturi imemfuata yeye. Sala ya alasiri, Mincha, inaruhusiwa kuanzia saa sita na nusu, na wakati wake mwema zaidi unaanza saa tisa na nusu. Kuna kipimo kingine, mwanzo wa sehemu ya mwisho ya alasiri, ambacho vitabu vya Kiingereza vinakiandika kwa sehemu na desimali. Kwa Kiswahili ni saa kumi na moja kasorobo, basi.

Hata urefu wa saa unatupendelea. Kwa kuwa kila saa ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mchana, Myahudi wa London katika Desemba ana saa za dakika kama 40, na katika Juni zinavuka dakika 80. Ratiba yake ya sala hubadilika kila wiki. Thika iko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Mchana wake unazidi saa kumi na mbili kwa dakika chache tu mwaka mzima, na saa ya Mishna inabaki saa. Rekebisho ni moja. Saa rasmi ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa longitudo 45, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua linatufikia nusu saa baadaye. Saa tatu ya jua la Thika ni kama saa tatu na nusu ukutani.

Alhamisi iliyofuata niliyaeleza haya, na kijana wetu akafurahi kama mtu aliyeokota hela yake mwenyewe. Cucu hakufurahi. Alisema mtu hawezi kumwekea Mungu saa kama anayekwenda kliniki. Kisha akauliza swali zito zaidi: Wayahudi hawana hekalu, hawana madhabahu, hawachinji dhabihu. Dhambi zao zinasamehewaje?

Hoja zake hizo mbili zina jibu moja. Warumi waliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Lilipokuwa limesimama, mwanakondoo mmoja alitolewa kila asubuhi na mmoja kila alasiri. Talmudi ina rai mbili juu ya asili ya sala za kila siku. Ya kwanza inasema zilianzishwa na mababu: Ibrahimu asubuhi, Isaka alasiri, Yakobo usiku. Ya pili inasema ziliwekwa kulingana na dhabihu hizo, na kwamba saa zake ni saa za madhabahu. Mtu anayechunga saa nne leo anachunga moto uliozimika zaidi ya miaka 1,900 iliyopita. Na juu ya msamaha, kuna simulizi la Rabban Yohanan ben Zakkai akitoka Yerusalemu pamoja na Rabi Yehoshua. Rabi Yehoshua aliyaona magofu akalia kwamba mahali pa upatanisho wa Israeli pameharibiwa. Mwalimu wake alimtuliza: tunayo kafara nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni kutendeana wema. Neno analotumia, kapara, ni ndugu wa kafara yetu. Walitoka tumbo moja, kama walivyotoka sala na selota ya Kiaramu, sadaka na sedaka, baraka na beraka, rehema na rahamim, nafsi na nefesh. Yalitufikia kupitia Kiarabu, na watu wa Pwani wakayafanya yetu. Mswahili anayesikiliza ibada ya sinagogi kwa makini atayatambua baadhi ya maneno hata kabla ya kufundishwa.

Cucu alinyamaza kidogo, akasema: kutendeana wema, sawa. Lakini sala ya kusoma kitabuni, moyo uko wapi?

Ni swali la haki kutoka kwa mtu aliyekulia kwenye makesha, ambako watu huomba kwa sauti, kila mmoja kwa maneno yake, mpaka bati linatetemeka. Sala kuu ya Wayahudi, Amida, ni kinyume kabisa. Huombwa kwa kusimama, miguu imebanwa pamoja, kwa sauti isiyomfikia jirani, na maneno yake yamepangwa: baraka kumi na tisa, ingawa jina lake la zamani lasema kumi na nane. Mfano waliouchukua ni wa mwanamke. Talmudi inajifunza sheria nyingi za sala kutoka kwa Hana, mama yake Samueli, aliyesimama Shilo akisogeza midomo bila sauti, hata kuhani Eli akamdhania mlevi. Marabi waliona kwamba kuhani alikosea na mwanamke alikuwa sahihi, wakawafundisha wanaume wao kuomba kama yeye. Na hatari aliyoisema Cucu waliijua. Rabi Eliezer alionya, ndani ya Mishna ileile, kwamba anayeifanya sala yake kuwa kazi ya mazoea, sala yake haina kusihi ndani yake. Onyo hilo wamelitunza kwenye kitabu hichohicho chenye sheria za saa, na nadhani walitaka viwili hivyo visomwe pamoja.

Baada ya saa huja upande. Danieli alielekea Yerusalemu, na Wayahudi wanaelekea Yerusalemu mpaka leo. Katika nyumba nyingi za Ulaya hutundikwa ukutani pambo lenye neno la Kiebrania la mashariki, mizrah, kwa sababu kutoka kwao Yerusalemu iko huko. Mtu akilitundika pambo hilo Thika bila kufikiri, atakuwa anaomba kuelekea Bahari ya Hindi. Kutoka kwetu Yerusalemu iko kaskazini, imeegemea magharibi kwa nyuzi tatu tu.

Na kaskazini mwetu kuna nini? Kuna Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Kutoka Thika mlima uko nyuzi kama 15 mashariki ya kaskazini. Maka, wanakoelekea Waislamu wa mji huuhuu, iko katikati, nyuzi kama saba. Simama Thika, nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja inafunika nyuzi kama kumi. Yerusalemu, Maka na Kirinyaga zote zinaingia ndani ya ngumi mbili. Nimesimama hivyo alfajiri wakati mlima umejitokeza, nikajua kwamba wazee waliosali hapa kabla ya Biblia kufika, mikono juu, wakiitikiana thaai, yaani amani, walielekeza nyuso zao karibu kabisa na pale alipoelekeza Danieli. Jomo Kenyatta, mtu wa Gatundu, aliieleza ibada hiyo katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1938, na jina la kitabu chenyewe linasimama likiukabili mlima. Waumini wa kwanza wa kanisa la Akorino nao waliinua mikono na kuelekea Kirinyaga, wakavaa vilemba vyeupe na kushika sheria nyingi za Torati. Mwezi Februari 1934 polisi wa serikali ya kikoloni waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu. Mto wenye jina hilo tunauvuka kila tunapotoka Juja kwenda Thika. Nataka msomaji akivuka daraja lile akumbuke kwamba hapa petu watu wamewahi kufa kwa ajili ya namna ya kuomba.

Sheria ya Mishna juu ya upande ina upole wake. Aliyepanda punda ashuke. Asipoweza kushuka ageuze uso. Asipoweza kugeuza uso, aelekeze moyo wake mahali palipokuwa Patakatifu pa Patakatifu. Abiria wa matatu inayokwenda Nairobi ameipa Yerusalemu mgongo. Kifungu cha mwisho kinamhusu yeye.

Nairobi ndiko iliko sinagogi kongwe ya nchi hii. Jamaa ya Waebrania ya Nairobi ilianza mwaka 1904, mwaka mmoja baada ya Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, kumpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, wazo la kuwahamishia Wayahudi katika uwanda wa Uasin Gishu, wazo lililokataliwa na kongamano la Wazayuni mwaka 1905. Sinagogi yao ya sasa iko University Way, na idadi yao haikuwahi kuwa kubwa. Uchache huo ni mzigo kwa sababu baadhi ya sala, Kadishi ya kuwakumbuka wafu mojawapo, hazisemwi bila minyani, yaani watu wazima kumi. Waothodoksi huhesabu wanaume pekee. Jumuiya nyingine huhesabu na wanawake. Tena siku ya Sabato anayeshika sheria haendeshi wala hapandi gari, na kutoka Thika mpaka University Way ni kilomita 40 na kitu. Myahudi anayeishi Thika atasali peke yake, au ahamie mjini kabla ya Ijumaa kuchwa.

Wayahudi walio karibu nasi kwa ngozi na lugha wako mbali zaidi, Mbale. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kisha akafarakana nao, aliisoma Torati akaamua kuishika kama ilivyoandikwa. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Hakuwa na siduri wala rabi. Mfanyabiashara mmoja Myahudi aitwaye Yusufu alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sala na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sheria na sala kwa Kiluganda. Watu wake, Abayudaya, walipona miaka ya Idi Amin aliyewapiga marufuku, na kiongozi wao Gershom Sizomu alipata daraja la urabi Marekani mwaka 2008. Zaburi zao wanaziimba kwa Kiebrania na kwa Kiluganda, kwa sauti za huku kwetu. Santuri yao ilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, na nilipoipigia kikundi chetu, Cucu alikuwa wa kwanza kupiga makofi kufuata mdundo.

Lakini swali lililonishika kuliko yote ni la mvua.

Ndani ya Amida kuna ombi la umande na mvua, katika baraka ya tisa, baraka ya miaka. Katika nchi ya Israeli huanza kuombwa majira ya kupukutika kwa majani. Nje ya nchi hiyo huanza usiku wa tarehe 4 au 5 Desemba, kwa hesabu iliyofanywa zamani kwa ajili ya Babeli. Kote hukoma wakati wa Pasaka, Machi au Aprili. Sasa mtu wa Thika aitazame kalenda hiyo. Vuli yetu inaanza Oktoba na kwisha Desemba, masika yanaanza katikati ya Machi. Anayesali Amida hapa huanza kuomba mvua vuli inapomalizika, huendelea kuiomba Januari na Februari ardhi ikipasuka, kisha huacha wakati uleule tunapoitazamia. Mkulima wa kahawa wa Ruiru anajua maana ya wakati huo: maua ya kahawa hufuata mvua.

Swali hili lina umri mkubwa, na walioliuliza kwanza ni watu tunaowajua. Katika Talmudi, sehemu iitwayo Taanit, watu wa Ninawi, mji wa Yona, walipeleka ujumbe kwa Rabi Yehuda Hanasi: sisi tunahitaji mvua hata katikati ya kiangazi chenu. Je, tuiombe katika baraka ya miaka kama taifa zima, au katika baraka ya kumi na sita, baraka ya Mungu asikiaye sala, ambamo kila mtu huingiza haja zake mwenyewe? Rabi akajibu: ninyi ni kama watu binafsi, ombeni katika asikiaye sala. Mwanzoni mwa karne ya 14 Rabi Asher ben Yehiel, Mjerumani aliyehamia Toledo, alidai kwamba nchi nzima yenye majira yake haiwezi kuitwa mtu binafsi, na kwamba iombe mvua yake mahali pa heshima. Wenzake hawakumfuata, na mpaka leo Wayahudi walio kusini mwa dunia wanatembea na jibu la Ninawi.

Mimi naona Rabi Asher alikuwa na hoja. Hata hivyo, jinsi nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona jibu la Ninawi lilivyo na utajiri. Katika baraka ya tisa Myahudi wa Thika anaomba mvua ya mashamba ambayo si yake, pamoja na watu asiowajua, kwa majira ya nchi yenye Yerusalemu. Katika ya kumi na sita ukurasa unamfungulia nafasi, naye anasema kwa lugha yake, kwa Kikuyu akipenda, kwamba mahindi yake yamenyauka.

Niliyasoma hayo kwa kikundi katikati ya Machi. Siku ile Kilimambogo kilikuwa kimefunikwa na wingu. Wakikuyu hukiita Kia Njahi, mlima wa mvua kubwa, na kutoka Thika ndiko watu hutazama masika yakikaribia. Cucu alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikiwa kwenye kitabu cha Yona, ukurasa ambao alikuwa ameutafuta nilipoutaja mji.

"Sasa Mwalimu," akauliza, "hao watu wa Ninawi, mvua iliwanyeshea?"

Nikafungua tena Taanit, nikasoma juu na chini ya mahali pale. Talmudi imepita, imekwenda kwenye swali jingine.